Sema Unachofanya

Mikono ya Kimya ilikuwa na sifa kuliko mwenyewe. Wodini walisema akikuchoma sindano unakwenda nyumbani, unakula, unalala, na kesho yake unarudi kuuliza sista atakuchoma saa ngapi. Mzee mmoja alirudi kweli, akagoma kuondoka. Ilibidi aonyeshwe alama kwenye paja lake mwenyewe ndipo akakubali kuwa kazi ilikwisha jana, na hata hapo aliondoka akinung'unika kwamba ameibiwa maumivu yake.

Kasoro ilikuwa mdomo. Kimya hakuwa na kiburi wala majonzi. Alizaliwa tu na maneno machache, akayatunza kama mtu anavyotunza nguo ya kutokea. Wenzake walipoanza kumwita Kimya hakubisha. Angebisha kwa kusema nini?

Sasa mdomo huo huo ulitaka kumzibia njia. Kwa miaka alikuwa muuguzi msaidizi: amwogeshe mgonjwa, abadilishe bandeji, apime presha, halafu dawa kubwa na maamuzi amwachie muuguzi aliyesajiliwa. Alichoka kusimama pembeni ya kitanda, anaona kabisa mgonjwa anabadilika rangi, naye anangoja mwenye cheo afike. Akaomba chuo cha kujiendeleza ili naye asajiliwe. Mtihani wa kuandika aliufaulu vizuri. Ukabaki wa vitendo, na huo wa vitendo, ambao wodi nzima iliapa ataupita amefumba macho, ndio uliomwangusha.

Maana chuoni kuna sheria moja ambayo watahiniwa huiona ya kitoto mpaka iwakute: sema unachofanya. Ukinawa, sema unanawa. Ukimtazama mgonjwa, sema umeona nini. Mkufunzi anakaa na kalamu, na kalamu yake haina macho, ina masikio tu. Kimya aliingia, akanawa, akampima presha mgonjwa wa kuigiza, akamfunika miguu, akamnyooshea mto, akatoka. Kazi safi kama maziwa. Kalamu haikusogea.

Mkufunzi, mama wa makamo aliyetumwa na chuo kuja kutahini pale hospitalini, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, hakumgombeza. Alimwita pembeni.

"Binti, wewe ni muuguzi mzuri kwa mgonjwa mmoja. Lakini wodi ni ya watu wengi. Ulichokiona ukakaa nacho rohoni, wa zamu inayofuata atakijuaje?"

Akampa nafasi ya pili na ya mwisho, Jumatatu asubuhi. Akipita, anahamia bweni la chuo, mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kutoka hapo. Akianguka, kitanda chake kinapewa mwingine. Na kwa kuwa wagonjwa wa kuigiza walikuwa wameshalipwa chai yao na kuondoka, kila anayerudia aje na mtu wake.

Mtu wake hakuwa wa kutafutwa. Alikuwa fundi friji, mwenye karakana yake nyuma ya nyumba ya mama yake, kijana ambaye aliwahi kutengeneza friji ya muuza samaki ikapoza mpaka majirani wakaanza kulala na masweta. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na hakuna jirani aliyejitokeza kukanusha. Walikutana aliposhughulikia friji ya chanjo pale hospitalini. Kipande cha bati kilimwingia kidoleni. Kimya alipita, akaushika ule mkono bila kuomba, akakichomoa, akafunga kidole, akaenda zake. Friji ilipona siku ile. Fundi hakupona.

Fundi alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili, na labda ndiyo maana walichukua muda mrefu kugundua kwamba mmoja wao hasemi.

Ndio hao Jumapili mchana, karakanani. Wiki nzima walikuwa wakifanya mazoezi, na kila siku fundi alikuja na ugonjwa wake. Juzi alikuwa ameumwa na nyuki ulimini. Jana alikuwa mjamzito. Leo alilala juu ya friji kuukuu iliyolazwa ubavu, mikono kifuani, akasema yeye ni maiti iliyobadilisha mawazo. Siku nyingine Kimya angecheka kwa mabega, kama kawaida yake. Leo hakuweza kutulia. Alikunja mkanda wa presha akaukunjua. Akapanga bisibisi za watu kwa urefu. Akafuta meza iliyokuwa haijawahi kufutwa tangu inunuliwe. Kwenye kona, kompresa moja mbovu, ile mota ya friji, ilikuwa inawaka, inatetemeka, inazima, inawaka tena, na ungedhani imeunganishwa na moyo wake.

Fundi akaketi. Akamkumbusha somo alilompa mwanzoni mwa wiki: mdomo wako uwe kama taa ya friji. Taa ya friji haijiulizi, haioni aibu. Mlango ukifunguliwa, inawaka. Mkono wako ukimgusa mtu, mdomo ufunguke wenyewe.

"Haya, niguse," akasema.

Kimya akamshika kiganja. "Nanawa mikono," akasema, sauti ya chini lakini haikukwama. "Najitambulisha kwa mgonjwa."

Na ikawa hivyo, akamaliza hatua zote mara tatu mfululizo, mpaka fundi akatangaza kuwa taa imeshika, sasa kazi itakuwa kuizima. Msomaji, fundi alisema mzaha. Lakini kuna mizaha huwa inasikiliza mlangoni.

Mama yake fundi akaita kutoka ndani. Chai iko tayari, na ana neno.

Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovaa vitambaa vya kufuma kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mgeni alikaa ukingoni ili asivivuruge. Mama alimimina chai bila haraka, akazunguka kidogo kwa habari za wodini na za mvua, kisha akatua. Alisema hana ubaya na binti. Binti ana adabu, anajua kushika ufagio, hana makelele. Ila yeye anataka ndoa ifungwe kwanza, mwezi huu huu, na masomo yaje baadaye, Mungu akipenda, katika chuo cha karibu. Kama chuo cha karibu hakuna, basi hata uuguzi msaidizi ni kazi ya heshima, wangapi hawana. Na kama binti ni lazima aende, aende kwa heri, lakini mwanawe asifungwe kamba mlangoni kama mbuzi wa kungoja.

Fundi akafungua kinywa. Mama akamnyooshea kidole, kikafungika.

Kimya alikuwa amekodolea macho ule mkono wa mama ulioshika birika. Ulikuwa unatetemeka. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Na kabla hajajua anafanya nini, vidole vyake vilikuwa vimekwisha shika kiwiko cha yule mama, vimeshuka mpaka kwenye mshipa. Mkono ukagusa. Mlango ukafunguka. Taa ikawaka.

"Nanawa mikono," Kimya akasema, wazi na kwa sauti, katikati ya sebule. "Najitambulisha kwa mgonjwa. Namuuliza mgonjwa umri wake. Namtazama mgonjwa. Mgonjwa ni mama mtu mzima, mapigo yanakwenda mbio, uso umekunjwa. Mgonjwa hana hasira. Mgonjwa anaogopa kuachwa."

Birika likatua mezani kwa kishindo. Chai ikaruka, ikalowesha kitambaa cha kufuma.

"Mgonjwa ni nani?" mama akauliza.

Fundi, ambaye hata msibani hukosi kumsikia, alishika kikombe kitupu akakinywa. Kimya naye alikuwa amebaki na mkono hewani, mdomo wazi, amejaa aibu mpaka kwenye kucha. Alijaribu kuomba radhi. Ilitoka pumzi tu.

Mama akauvuta mkono wake, akaufuta kwa kanga kama ulioshikwa na grisi. Akasema anaulizwa umri wake sebuleni kwake, na mtu ambaye hajawa hata mkwe. Kisha, alipokwisha kukasirika, akakaa na kusema lile lililokuwa chini ya hasira.

"Nilishamsubiri msomi mimi. Baba yake huyu alikwenda kozi. Akasoma, akasoma, akasoma mpaka akasahau njia ya nyumbani. Nilikuwa natoka barazani kila basi likipita. Sitaki kumwona mwanangu akisimama pale pale niliposimama."

Kimya aliinama kwa heshima, akachukua mkoba wake, akatoka. Fundi akamfuata.

Waligombana hapo nje, kati ya mafriji yasiyo na milango. Kama yaweza kuitwa ugomvi, maana mmoja alisema peke yake.

Fundi hakuwa na hasira juu ya umri wa mama. Hilo angelicheka siku nyingine. Kilichomuuma ni kingine, na alikizunguka kwanza kama anavyozunguka friji asiyoijua, akiigonga hapa na pale, kabla ya kufika.

"Umemshika mama mara moja, umemwambia yaliyo moyoni mwake. Mimi umenishika tangu mwaka jana. Yaliyo moyoni mwako sijawahi kuambiwa."

Kimya akamtazama. Macho yale, ndugu zangu, yangeweza kugandisha maji na kuyachemsha kwa zamu. Akaunyoosha mkono, akamrekebishia ukosi wa shati, kama alivyomrekebishia siku zote, na katika kuurekebisha kulikuwa na kila kitu. Vifungo alivyoshona. Uji alioleta alipokuwa na homa. Mkwaruzo alioufunga akampulizia.

Fundi akaushika ule mkono, akamrudishia mwenyewe taratibu, kama mtu anayerudisha spana ya kuazima.

"Usinijibu kwa mkono. Mimi ni mtu wa maneno, Kimya, ndivyo nilivyo, nisamehe. Unakwenda mbali. Mkono wako utakwenda na wewe. Mimi nitabaki na nini?"

Alisubiri. Kompresa kule ndani ikawaka, ikatetemeka, ikazima. Kimya alikuwa na maneno, yamejipanga kooni kama wagonjwa wa asubuhi, na la mbele halikutaka kuingia.

"Basi kesho tafuta mgonjwa mwingine," fundi akasema. "Mimi nimepona."

Akarudi ndani. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Asubuhi yake ukumbi wa nje wa chumba cha vitendo ulikuwa na benchi moja refu. Wanaorudia walikaa na watu wao: huyu kaja na dada yake, yule na mume mwenye kikohozi cha kweli ambaye mkewe alimkanya asije akaharibu mtihani kwa kuumwa sana. Kimya peke yake alisimama. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi. Akaenda bombani, akanawa, akajikausha, akanawa tena. Alimwomba mfagiaji awe mgonjwa wake. Mfagiaji akasema angependa, ila msimamizi wake yuko macho. Mlango ukafunguliwa, akaitwa wa mbele yake. Ukifunguliwa tena, ni yeye, na asiye na mgonjwa haingii.

Ndipo akasikia sauti anayoijua, inalalamika kuanzia getini. Sauti ilikuwa inasema kwamba hospitali zote za siku hizi zina ngazi nyingi, kana kwamba zinawatafuta wagonjwa wapya.

Mama yake fundi alitangulia, amejifunga kanga kifuani, anapumua. Nyuma yake alikuja fundi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, anatazama sakafu.

"Amekuja hivi kwa sababu yangu," mama akasema. Hakumtazama Kimya usoni; alitazama mkoba wake. "Alitaka kuja na shati la grisi. Nikamwambia mgonjwa gani huyo. Jana sikulala vizuri. Mtu akiwa amekuona unaogopa, hata ukimfukuza, ameshakuona. Haya, nendeni. Mimi nakaa hapa benchi, miguu yangu imekwisha."

Mlango ukafunguka. Wakaitwa.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, sinki na mkufunzi. Fundi alikaa kitini, akakunja mkono wa shati. Kimya akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kusugua vidole kimoja kimoja. Hakusema. Maji yalitiririka. Mkufunzi alivaa miwani. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, imetulia kama mjusi ukutani.

Kimya akageuka, mikono inadondosha maji, akamtazama yule mwanamume aliyemwambia atafute mgonjwa mwingine kisha akaja mwenyewe. Fundi alikatazwa kumsaidia mtahiniwa kwa neno. Aliinua tu kile kidole chenye kovu dogo jeupe, kovu la bati la friji ya chanjo, akakiweka juu ya goti ambapo angekiona.

"Nanawa mikono," Kimya akasema.

Kalamu ikasogea.

"Najitambulisha kwa mgonjwa. Mimi ni muuguzi. Namuuliza mgonjwa majina yake." Fundi akayataja, yote matatu, kwa utii wa mtoto wa shule. "Namweleza ninachotaka kufanya. Nitakufunga mkanda mkononi. Utabana, halafu utaachia. Naomba ridhaa yako."

"Kabla sijaridhia," fundi akasema, "nina swali."

Mkufunzi akainua macho, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Mgonjwa ana haki ya kuuliza. Hiyo ni sheria pia.

"Muuguzi akibana, halafu akaondoka, akaenda mji mwingine. Mgonjwa atajuaje kama bado anakumbukwa?"

Mkufunzi hakuandika. Nje, dirishani, benchi lililia, kana kwamba mtu aliyekalia ukingo anasogea karibu.

Kimya akavuta pumzi. Akaanza kwa sauti ile ile ya mtihani, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

"Namjibu mgonjwa. Siku nilipokutoa kile kibati, niliondoka haraka, si kwa kuwa nilikuwa na kazi. Nilikwenda stoo ya mashuka, nikakaa juu ya furushi, nikahesabu mashuka yale yale mara mbili. Sijakwambia kwa sababu nikisema ukacheka, kidonda hicho sina bandeji yake. Nakupenda, fundi. Nilikupenda kabla hujafunga kifuniko cha ile friji. Chuo nitakwenda, maana nimechoka kuona mgonjwa anazidiwa nikiwa sina ruhusa ya kusema. Na nitarudi. Kila likizo nitapita mlango wa karakana kabla ya mlango wa kwetu, na nitakwambia kwa mdomo, usipoambiwa uje unitafute." Akameza mate. "Nimemaliza kueleza. Namsubiri mgonjwa ajibu."

Fundi alikuwa na macho ya mtu aliyemenya vitunguu.

"Mgonjwa ameridhia," akasema.

Akamfunga mkanda, akaujaza upepo, akasikiliza, akaachia taratibu, akitaja kila hatua. Sauti haikukwama. Mkono ndio uliochelewa kumwachia mgonjwa, kwa mara ya kwanza tangu ujue sindano.

"Imesomaje?" mkufunzi akauliza.

"Imepanda."

"Mgonjwa ana historia ya presha?"

"Hana. Nimempima wiki nzima."

"Basi sababu yake unaiona nini?"

Kimya alitazama kipimo, akamtazama mgonjwa, akatazama kalamu inayosubiri.

"Sababu ni mimi," akasema.

Mkufunzi akainamisha uso kwenye karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na utafanya nini?"

"Nampumzisha. Namwomba anyamaze. Kisha napima tena."

Wakangoja. Na fundi friji, mtu ambaye walimwengu walidhani hata usingizini husimulia, akanyamaza bila kuguswa, akiwa ameshika tu ncha ya mkanda. Kipimo cha pili kikateremka mahali pake. Mkufunzi akaandika, akapiga mstari, akavua miwani. Akamwambia Kimya wiki ijayo aripoti bwenini, aje na mashuka yake mwenyewe, na kwamba kwenye wodi za kweli majibu yawe mafupi kidogo.

Nje, mama alikuwa amehamia ncha ya benchi iliyo chini kabisa ya dirisha. Hakujifanya hakusikia.

"Likizo ni lini?" akauliza.

Kimya akamjibu, kwa mdomo. Mama akahesabu kimoyomoyo, akaguna.

"Mara ile nilisubiri peke yangu, na hakuna aliyeniambia atarudi. Safari hii tutakuwa wawili." Akamtazama mwanawe, ambaye bado hakuwa na neno. "Huyu naye umemfanya nini, mbona kanyamaza?"

Kisha akafunua kanga, akautoa mkono ule aliouvuta jana, akaunyoosha mbele ya binti.

"Jana hukumaliza," akasema.

Kimya akapiga magoti pale pale ukumbini, akaushika. "Nanawa mikono," akaanza.

"Umeshanawa, nimesikia. Ruka hapo."

"Namtazama mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani?"

Vidole vikatulia juu ya mshipa. Kimya alisikiliza, akachukua muda wake.

"Mama," akasema. "Mapigo bado yanakwenda mbio, lakini uso umekunjuka."